Mwanamke wa Machicha

Mikumi,
Jumapili, mchana.

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Abubakari,
Kidete.

Shikamoo Baba.

Hapo juu nimeacha nafasi ya marahaba yako, uijaze mwenyewe ukishavaa miwani. Natumaini barua hii inakukuta goti limetulia na sauti ya adhana haijakauka kwa vumbi la kiangazi. Mimi mwanao Sikudhani ni mzima wa mwili, nakula, nafanya kazi, nalala. Habari za Mbaraka na mkewe? Habari za mbuzi? Na lile shamba la kando ya mto, Mkondoa umelirudisha au umelichukua moja kwa moja? Huku hakuna wa kunieleza habari za Kidete, nasikia tu honi ya malori.

Utashangaa kupata barua zama hizi za simu. Simu nimepiga, Baba. Mbaraka akipokea ananiambia umelala, au uko msikitini, au umetoka sasa hivi. Wewe ulale saa nne asubuhi? Wewe ambaye ukishaadhini alfajiri hurudi kitandani hata ukiwa na homa? Kaka yangu hajui kudanganya, maskini, anaanza kukohoa. Nikaona niandike, maana barua utaisoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari, na hakuna wa kuikata katikati. Kesho nampa kondakta wa basi la Kilosa, naye atampa mtu wa Kidete stesheni.

Nikuambie mapema nililokujia, usije ukasoma kwa wasiwasi. Nataka kuja kwenye kisomo cha kumrehemu mama. Mwaka unatimia. Mbaraka ameniambia umesema nisikanyage hapo nyumbani mpaka niache kazi ya pombe. Nilipomsikia nilicheka, wallahi, nilicheka kwa sauti. Halafu nikakaa chini kwenye kizingiti, na kicheko kikaniishia. Baba, mimi sifanyi kazi ya pombe.

Yote yametoka kwenye neno moja. Siku ile uliponiuliza kwenye simu nimepata kazi gani, nilikujibu nashughulika na machicha ya kiwandani. Simu ikakatika. Nikalaumu mtandao, nikazunguka uani na simu juu kama kichaa. Sikukumbuka kwamba hapo Kidete machicha ni kitu kimoja tu, yale yanayomwagwa nyuma ya kilabu cha pombe karibu na stesheni, nguruwe wakayagombania, njia ambayo ulitukataza kupita tangu tuko wadogo. Huku kiwandani neno hilo tunalitamka kutwa nzima kama tunavyosema maji au kuni. Ningesema makapi, au chakula cha mifugo, leo tungekuwa tunaongea mambo mengine.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe, uone. Kiwanda kinatengeneza kinywaji cha kimea. Kimea cha mtama na shayiri kinachemshwa kwenye mapipa makubwa ya chuma, kinachujwa, yale maji yake matamu yanatiwa gesi na kufungwa kwenye chupa. Hakina kilevi hata tone. Watoto wanakinywa wakitoka shule, na shehe wa hapa nimemwona kwa macho yangu kwenye harusi anamaliza chupa moja na kuomba ya pili. Kinachobaki kwenye chujio ndiyo hayo machicha. Yanatoka kwenye bomba nyuma ya jengo, ya moto, yamelowa, na mimi ndiye niliyesimama hapo.

Zamani walikuwa wanayamwaga korongoni. Yakilala siku mbili yanachacha, hilo sikufichi, na harufu ikafika mpaka mbugani. Wakaja nyani. Wanakula, wanalewa, wanakwenda kukaa katikati ya barabara kuu wakiyatazama malori kama wao ndio wenye malori. Watu walicheka mpaka walipokuja tembo, wakaulaza chini uzio wa jirani mmoja pamoja na migomba yake yote. Hapo kicheko kikaisha, malalamiko yakapelekwa, na kiwanda kikaambiwa kitafute la kufanya na uchafu wake au kifunge milango. Msimamizi wetu, Mathias, ndiye aliyetoa wazo la kuyakamua, kuyakausha na kuyauza kwa wafugaji. Wakatafuta watu, wengi wakakataa, wakasema hawawezi kuajiriwa na takataka. Mimi wakati huo nilikuwa nauza chapati kwenye maegesho ya malori, na nilikuwa nimechoka kuitwa majina na madereva. Nikaenda.

Kazi yenyewe ni mbio. Yakitoka tu tunayapitisha kwenye mashine ya kukamua, tunayamwaga juu ya maturubai, tunayatandaza, tunayageuza kwa reki yasishikamane. Wingu likitanda tunayakimbiza bandani kwenye kikaushio. Ukiniona siku ya mvua utasema nafukuzwa na nyuki. Maana yakichelewa yanachacha, na yakichacha Mathias hayauzi, yanakwenda kwenye shimo la mboji. Kwa hiyo Baba, kazi anayolipwa mwanao ni kuyazuia yasifanane na pombe. Siku nzima napigana na hicho hicho unachokichukia wewe. Hata maji ya kuoshea chupa siku hizi hayamwagwi ovyo, yanapitishwa kwenye mabwawa yaliyopandwa matete, kisha yanamwagilia migomba mipya ya yule jirani aliyevamiwa na tembo. Naye sasa anatusalimia vizuri.

Wafugaji wanakuja na punda. Yuko bibi mmoja wa Kimaasai, kila akija ananiwekea kiganja kichwani kabla hajasema neno, na mimi nainama kama mtoto. Anasema ng'ombe wake wameongeza maziwa. Siku nyingine nikirudi nyumbani nakumbuka kwamba hicho kiganja ndicho pekee kilichonigusa wiki nzima.

Basi kwa furaha ya kazi nikasema mbuzi wa Baba nao wapate kula. Nilikausha machicha yangu mwenyewe, nikayapepeta, nikayachagua kama mchele wa sikukuu. Na mdomo wangu huu, unaujua, nikampigia Mbaraka nikamwambia mwambie Baba nimemtumia kiroba cha machicha. Kiroba! Nilimaanisha mfuko, Baba. Lakini naona ulivyosikia wewe, ukakumbuka zile pakiti za pombe kali walizopiga marufuku, ukaunganisha na machicha, ikawa binti yako anamtumia muadhini pombe ya aina mbili kwa basi.

Na mzigo nao ukaniumbua. Kondakta aliuweka juu ya basi, mvua ikaunyeshea kuanzia kijiji cha Ulaya mpaka Kilosa, halafu ukalala stesheni ukimsubiri mtu wa Kidete. Mbaraka alinieleza ulivyofika, unavuja, unanuka, umewekwa mlangoni pako siku ya Ijumaa, watu wanatoka kuswali wanapita hapo hapo wakiziba pua kwa kofia. Nasikia uliubeba mwenyewe, na goti lako hilo, hukutaka msaada wa mtu, ukautupa Mkondoa. Sikulaumu. Hata mimi ningeutupa. Lakini ungenipigia, Baba. Ungepiga hata kunifokea, nikusikie sauti.

Sasa nikupe habari za kukaa kwangu, maana tangu nipewe talaka hujawahi kuniuliza, na mimi sijawahi kusema. Unajua kwa nini sikurudi Kidete na sanduku langu. Niliogopa kuwa mzigo wa mke wa Mbaraka, na niliogopa watu kukupa pole msikitini kwa ajili yangu. Nimepanga chumba kimoja. Nina kitanda, jiko la mkaa na redio. Nikirudi kazini nafungua redio kabla sijavua viatu, nisikie mtu anaongea ndani ya nyumba yangu. Wakitangaza vifo nasikiliza mpaka mwisho, majina yote, hata ya watu wa mikoa nisiyowahi kufika. Ndio upweke huo, Baba, sina jina jingine la kuuita.

Msikitini nilikuwa naenda. Nikaona wanawake wanasogea mbali nami, nafasi kushoto, nafasi kulia, nikasema moyoni hawa wananidharau kwa sababu ya talaka. Siku moja mama mmoja mtu mzima akanivuta pembeni, kwa upole kabisa, akaniuliza kama nimeonja kitu kabla ya kuja. Nikamwambia nimeoga, nimetia udhu, nguo nimefua. Akasema Mungu anasamehe. Sikurudi tena. Nasali chumbani, peke yangu, redio nimeizima.

Aliyenifungua macho ni Tumwagile, jirani yangu wa chumba cha pili, Mnyakyusa, muuza ndizi, mwanamke asiyejua kunong'ona. Nilipomsimulia alicheka akajipiga mapaja, akaniambia we dada, unanuka kama kilabu siku ya Jumamosi, sikukuambia kwa sababu nilidhani unajua. Akaona uso wangu, akaacha kucheka. Kuanzia hapo kila asubuhi na kila jioni nilikuwa nasimama mlangoni kwake ananinusa, kichwani, mabegani, mikononi, anasema bado, rudi bafuni, au anasema sasa wewe ni mtu. Nilisugua ndimu, nilisugua majivu. Ilikuwa kama mchezo wetu, na nilimpenda kwa hilo. Mwezi uliopita mumewe alipata kazi Makambako, wakahama. Chumba chake sasa anakaa kijana wa bodaboda, na siwezi kumwomba kijana wa watu aninuse.

Najua unajiuliza mtu mzima anashindwaje kujijua mwenyewe. Nakuja huko, Baba. Vumilia.

Kwanza nikuambie hili. Najua ulikuja.

Nilikuona. Ilikuwa ile Jumatano ya upepo. Nilikuwa juu ya turubai na reki yangu, miguu mitupu, kanga nimefunga kiunoni, machicha yamenijaa mpaka magotini. Nikainua macho nikaona kanzu nje ya uzio wa waya, na mwavuli wako mweusi wenye mpini uliofungwa mpira wa baiskeli. Hakuna mwavuli mwingine kama huo Tanzania nzima. Nikapaza sauti, Shikamoo Baba! Ulikuwa unanitazama. Ukaleta kitambaa puani, ukageuka, ukaenda zako kuelekea getini. Nikadhani unazunguka uingie. Nikakimbilia bombani kunawa miguu, nikasema nisimkaribie Baba na miguu hii. Nilipofika getini ulikuwa umeshaondoka.

Urubani ndivyo tunavyomwita mlinzi wetu, Urbanus, mzee mwenzio, mtu wa heshima. Alinikabidhi kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Akaniambia kuna mzee wa kanzu amekiacha, amekataa kukaa kwenye kiti, amekataa maji, amesema tu apewe yule mwanamke wa machicha. Akaniuliza, je, ni ndugu yako? Nikamjibu ni mzee wa kwetu. Baba, wewe hukusema mimi ni mwanao, na mimi sikusema wewe ni baba yangu. Mlinzi wa watu amesimama katikati yetu hajui kitu. Hilo limeniuma kuliko talaka.

Nimejiambia mara nyingi kwamba hukuisikia shikamoo yangu kwa sababu ya kelele za mashine.

Kifurushi nilikifungulia chumbani. Ilikuwa kanga ya mama, ile ya rangi ya zambarau aliyokuwa akijifunika alfajiri anapokuwashia moto. Nilikuwa nimekuomba siku ya arobaini, ukasema utaangalia. Kumbe hukusahau. Nilijifunika uso wangu wote, nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma, nimkute mama humo. Moshi wake, mafuta yake ya nazi, lile rihani alilokuwa anaweka kati ya nguo sandukuni. Nikavuta tena. Baba, hakukuwa na kitu. Ni kama nimejifunika karatasi.

Si kwamba kanga imefuliwa. Ni mimi. Mwanao hasikii harufu. Tangu yale mafua makali yaliyonilaza baada ya arobaini ya mama, pua yangu ilikufa na haijarudi. Daktari wa Kilosa aliangalia kwa tochi akasema nisubiri, wengine inawarudia. Nasubiri. Siisikii harufu ya chapati ikiungua, siisikii mvua ikianza kupiga vumbi, na siyasikii machicha, yawe makavu au yamechacha. Kazini nayajua kwa mkono, kwa joto lake na kwa utelezi wake. Ndiyo maana niliweza kazi iliyowashinda wengine, na ndiyo maana nilisimama kwenye safu msikitini nikinuka, nikidhani watu ni wabaya. Sikumwambia mtu. Tumwagile alidhani nina pua nzito. Nilijua nikikuambia wewe utahangaika na dawa, na nilitaka niwe mtoto mmoja asiyekuhangaisha.

Jina ulinipa mwenyewe, Sikudhani. Na kweli sikudhani kama ipo siku nitakuwa na kanga ya mama mkononi nimkose.

Niliitoa haraka kichwani, nikaogopa nisije nikaifuta harufu yake kwa harufu yangu. Nimeifunga ndani ya nailoni tatu, nikaitia kwenye ndoo yenye mfuniko. Hapa Mikumi hakuna hata mtu mmoja aliyemjua mama ambaye naweza kumfungulia na kumuuliza, bado yumo?

Ndiyo maana nakuja, Baba. Sitaki tu kula pilau ya kisomo. Nataka nikae karibu yako, nifungue ile nailoni, uninusie. Wewe uliishi na harufu ile miaka yote hiyo. Utaniambia kama rihani bado lipo, kama moshi bado upo, nami nitaamini kila utakachosema. Na ukiona haipo, niambie ipo.

Kazi siachi. Nakuambia kwa adabu zote, nimepiga magoti ninapoandika. Ni kazi safi, japo inanuka. Ndani ya bahasha hii nimekuwekea machicha makavu, kiasi cha kiganja, nimeyafunga vizuri yasipate maji njiani. Mathias anaapa kwamba yakikauka sawasawa yananukia kama uji wa mtama unaoanza kushika chini ya sufuria, ule ambao mama alikuwa anakugombeza ukikwangua. Mimi sina namna ya kuhakikisha. Yafungue, Baba, nusa, usimwachie Mbaraka. Kama ni pombe, yatupe Mkondoa kama yale mengine. Kama ni uji, basi utajua mwanao anashinda na nini kutwa.

Nitapanda basi la asubuhi siku ya kuamkia kisomo. Nitaoga kwa ndimu mara nyingi niwezavyo, lakini hakuna wa kuniambia kama nimetakata, kwa hiyo nitasimama nje kwanza, pale kwenye mawe ya kuoshea miguu, upande upepo unakoelekea. Nitakuamkia kutoka hapo. Ukiitikia, nitaingia. Usipoitikia, nitamwachia Mbaraka ndoo yenye kanga, mama asomewe ikiwa nyumbani kwake, na mimi nitarudi na treni.

Mwambie mke wa Mbaraka nimemshonea mtoto gauni, nalifua kila Jumamosi ili lije safi. Mbaraka mwambie aache kukohoa kwenye simu, nimeshamjua. Wasalimie wa msikitini wanaonikumbuka, na wasionikumbuka usiwasumbue. Makaburini ukipita, nishikie jiwe la mama kwa mkono wako.

Halafu kuna jambo moja, nimeliacha mpaka hapa kwa sababu lilinishinda kuandika kule juu. Jumatano ile mashine haikuwa inalia, Baba. Tulikuwa tumeizima, watu wanakula. Lakini kama ni mashine iliyokuzuia kusikia, mimi nakubali ilikuwa mashine. Hapa kwenye karatasi pako kimya, kwa hiyo nakuamkia upya.

Shikamoo Baba.

Mwanao,
Sikudhani Abubakari.